Diski Haisomeki: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Mikwaruzo

Anayeleta diski kwa fundi kwa kawaida huja na hukumu mkononi: "Fundi, hii imekufa." Huigeuza, akaonyesha mkwaruzo mmoja karibu na ukingo, na kwake kesi imekwisha. Kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuhamisha picha za harusi, ubatizo na arobaini kutoka kwenye diski za zamani kwenda kwenye flashi, na nimejizoeza kuuacha mkwaruzo huo hadi mwisho wa uchunguzi. Diski nyingi zilizonifikia zikisemwa zimekufa zilikuwa nzima. Zilikuwa zimeandikwa kwa muundo ambao kifaa kilichokuwapo nyumbani hakikuutambua.

CD, DVD, HD DVD na Blu-ray zote kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, zote hung'aa, na zote hukaa vizuri kwenye trei ileile. Ndani ya umbo hilo moja, makampuni yalishindana kwa miaka mingi, kila kundi likitaka muundo wake ndio utawale, na mabaki ya mashindano hayo ndiyo yaliyojaa kwenye makabati yetu. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni diski hii ni ya aina gani, nani aliiandika, na ni kifaa gani kinachoikataa.

Hatua ya kwanza: kuisoma diski kwa macho

Kabla ya kuiingiza popote, soma maandishi madogo yaliyo upande wa lebo au kuzunguka tundu la katikati. Tofauti ya alama moja, yaani kistari au msalaba kati ya neno DVD na herufi R, inaweza kuwa ndiyo jibu lote unalolitafuta. Kisha igeuze utazame rangi ya upande wa kusomea. Diski iliyochapwa kiwandani huwa ya rangi ya fedha, DVD ya kuchoma huelekea zambarau, CD ya kuchoma huwa na kijani, buluu au dhahabu iliyofifia, na zile zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya huwa na weusi wa kijivu.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili. Jaribu diski hiyohiyo kwenye kifaa kingine, halafu jaribu kifaa hichohicho kwa diski nyingine iliyo nzima. Sharti ni kwamba hiyo diski nyingine iwe ya aina ileile. Kumthibitishia mteja kwamba kiendeshi chake, yaani kifaa kinachosoma diski, ni kizima kwa kupiga CD ya muziki, ilhali amelalamikia DVD, ni kujidanganya, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Kiendeshi hakionekani kabisa kwenye kompyuta

Dalili hii haihusu diski, kwa hiyo haitatuchukua muda. Ikiwa ni kiendeshi cha nje kinachochomekwa kwa USB, na unasikia diski ikianza kuzunguka, ikikatika, kisha ikianza tena kwa sauti ya tiki, tatizo mara nyingi ni umeme mdogo. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na viendeshi vingi vyembamba huhitaji zaidi ya hapo wakati mota inapoanza kuzunguka au leza inapochoma. Tumia waya wenye vichwa viwili, au chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha matundu.

Ikiwa ni kiendeshi cha ndani kilichotoweka ghafla kwenye Windows baada ya kuondoa programu ya kuchomea diski, na orodha ya vifaa inakionyesha kikiwa na alama ya njano na kosa namba 19 au 39, kagua rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Programu hizo huacha nyuma maandishi yaitwayo UpperFilters na LowerFilters chini ya ufunguo unaoanza na 4D36E965. Weka nakala ya rejista, yafute maandishi hayo mawili kwenye ufunguo huo tu, kisha washa upya. Nimeona viendeshi vizima vikitupwa kwa sababu ya mistari hiyo miwili.

CD inasomeka, DVD haisomeki

Mteja hukataa kuamini kwamba kifaa kinachopiga muziki wa CD bila kusita kinaweza kuwa kibovu. Kinaweza. CD, iliyobuniwa na Philips na Sony na kuingia sokoni nchini Japani mwaka 1982, husomwa kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650, na Blu-ray kwa leza ya buluu na zambarau ya nanomita 405. Data zote hupangwa kwenye mstari mmoja unaojizungusha kama ganda la konokono kuanzia katikati kwenda nje, na nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni mikromita 1.6 kwenye CD, 0.74 kwenye DVD na 0.32 kwenye Blu-ray. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo nukta ya mwanga inavyokuwa ndogo, na ndivyo data nyingi zaidi zinavyoenea mahali palepale.

Kichwa cha kiendeshi cha DVD kwa hiyo kina vyanzo viwili vya leza, na kimoja kinaweza kuchoka huku kingine kikiendelea. Ikiwa DVD zote zinakataliwa, ziwe zimechapwa kiwandani au zimechomwa, na CD zote zinakubalika, usihangaike na diski. Kubadilisha kichwa mara nyingi hugharimu zaidi ya kununua kiendeshi kilichotumika.

Kabla ya kukata tamaa, safisha lenzi. Vumbi huiathiri DVD mapema kuliko CD kwa sababu ya udogo wa nukta hiyo ya mwanga. Puliza kwa kipulizio cha mkono, usipulize kwa mdomo kwa kuwa mate hugandia. Uchafu ukibaki, gusa lenzi kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili, bila kukandamiza, kwa kuwa lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno.

Dalili inayofanana na hiyo ni ile ya deki ya zamani inayosoma CD ya dukani na kukataa CD-RW, ile inayoweza kufutwa na kuandikwa upya. CD ya kawaida hurudisha takriban asilimia 70 ya mwanga unaoipiga, ilhali CD-RW hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu. Deki iliyotengenezwa kabla ya diski hizo kuenea hudhani trei iko tupu. Nakili kwenye CD-R, ile inayochomwa mara moja tu, na tatizo litakwisha.

Diski inaonekana tupu, lakini mwenyewe anaapa ameijaza

Mama mmoja wa Unguja aliniletea diski tatu ndogo za sentimita 8, zilizorekodiwa na shemeji yake aliyekuja na kamera yake kutoka Muscat kwa ajili ya harusi ya binti. Kompyuta ilisema zote tatu ni tupu. Nilichukua moja nikaiinamisha chini ya taa ya mezani hadi mwanga ukapita juu yake kwa ulalo, na hapo pete mbili zikajitenga: ya ndani, yenye rangi iliyokolea, ikianzia karibu na tundu na kufika theluthi mbili ya upana, na ya nje iliyo angavu zaidi, ambayo leza haikuwahi kuigusa. Nilimwonyesha mpaka wa rangi hizo kwa ncha ya kalamu. Harusi ilikuwa humo.

Kilichokosekana ni kufunga diski. Kamera au kinasa kinaporekodi, huandika picha kwanza na kuahirisha kuandika jedwali la yaliyomo pamoja na eneo la mwisho linaloonyesha data zinaishia wapi. Mpaka mtumiaji aiamuru kamera kufunga diski, vifaa vingine havina pa kuanzia kusoma, navyo hutangaza kwamba hakuna kitu. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuirudisha diski kwenye kifaa kilekile kilichoirekodi na kuifunga kutoka kwenye menyu yake. Kamera ilikuwa kabatini kwa shemeji huko Muscat; diski zilisafiri na abiria aliyekuwa akienda, zikarudi zimefungwa, na siku hiyohiyo zikahamishiwa kwenye flashi. Pale kifaa cha asili kisipopatikana, zipo programu za uokoaji, kama IsoBuster, zinazosoma diski kipande kwa kipande bila kutegemea jedwali. Hufanya kazi kwenye baadhi ya viendeshi na kushindwa kwenye vingine, kwa hiyo jaribu zaidi ya kimoja. Usikubali kamwe pendekezo la kompyuta la "kuiandaa" diski hiyo, hasa ikiwa ni ya aina ya RW, kwani kufanya hivyo ni kuifuta.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni DVD-RAM, muundo ulioingia sokoni mwaka 1998 na uliotumiwa sana kwenye kamera na vinasa vya Panasonic na Hitachi. Utaitambua kwa vistatili vidogo vilivyotawanyika kwenye uso wa kusomea, ambavyo ni mipaka ya vipande vya data iliyochongwa tangu kiwandani. Viendeshi vingi havikuwahi kuisoma. Tafuta kilichoandikwa neno RAM au "Super Multi" kwenye uso wa trei, na huenda ukahitaji kupitia kwa zaidi ya fundi mmoja kabla ya kukipata.

Inafunguka kwenye kompyuta, deki inaikataa

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, na lina vyanzo vinne ambavyo mteja huviona kuwa kimoja.

Anza na yaliyomo. Mtu akiburuta faili la video la MP4 na kulichoma kwenye DVD, amepata diski ya data yenye faili ndani yake. Hajapata DVD ya video. Deki ya kawaida hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB yenye picha zilizobanwa kwa mtindo wa MPEG-2. Deki zilizokuja baadaye husoma pia AVI za aina ya DivX, lakini nyingi kati ya hizo bado hazielewi MP4 ya simu. Kubadilisha jina la faili hakusaidii, maana deki huangalia kilicho ndani. Tumia programu ya kutengeneza DVD, ambayo itabadilisha picha kwanza na kuijenga folda hiyo.

Chanzo cha pili ni namna Windows ilivyochoma. Kuanzia Windows Vista, ukiingiza diski tupu unaulizwa kama unataka kuitumia kama flashi au kuiandaa kwa ajili ya deki. Wengi huchagua ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kwenye orodha na ndiyo nyepesi: unaburuta faili na linaingia papo hapo. Diski hiyo hupangwa kwa mfumo wa UDF wa kuandika kidogokidogo, ambao kompyuta za kisasa huusoma lakini deki na redio za magari huukataa. Ikiwa ni diski ya R, haiwezi kubadilishwa tena. Hamisha mafaili uyachome upya kwa njia ya pili.

Chanzo cha tatu ni ile alama ndogo niliyoitaja mwanzoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi mawili yalikuwa yakiandaa diski za kurithi CD na kanda za video: Philips na Sony wakiwa na MMCD, na Toshiba pamoja na wenzake wakiwa na SD. Makampuni ya kompyuta, IBM ikiwa mstari wa mbele, yaliyashinikiza yakubaliane, na mwaka 1995 yakaafikiana juu ya muundo mmoja, DVD, ulioanza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996. Mapatano hayo yalihusu diski za kusoma. Ilipofika zamu ya diski za kuchoma, mgawanyiko ulirudi kupitia mlango wa nyuma. Pioneer ilitoa DVD-R mwaka 1997, ikaungwa mkono na umoja rasmi wa DVD, na kundi lingine lililowajumuisha Philips, Sony, Ricoh na Hewlett-Packard likatoa DVD+R mwaka 2002.

Kwa jicho la kawaida diski hizo mbili hazitofautiani. Tofauti iko kwenye namna kiendeshi kinavyojua kiko wapi juu ya diski ambayo bado haina kitu. DVD-R ina vishimo vidogo vilivyotangulizwa kwenye kingo kati ya njia za data, na DVD+R hutumia njia iliyopindapinda kwa mpangilio unaobeba anwani. Viendeshi vya kuchomea vya miaka ya mwanzo vilijua lugha moja tu kati ya hizo, hadi mwaka 2002 Sony ilipoleta kinachochoma zote mbili. Kompyuta za leo hazibagui tena. Deki za zamani bado hubagua, na kwa jumla huipokea DVD-R kwa urahisi zaidi kwa kuwa ndiyo iliyotangulia.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuchoma upya kwenye DVD-R. Ya pili inawahusu wenye DVD+R pekee: kila diski hubeba alama inayotangaza aina yake, na viendeshi vingi vya kuchomea huweza kuiandika alama hiyo kwenye DVD+R isomeke DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani. Programu ya bure ya ImgBurn ina kipengele hicho. Deki iliyokuwa ikiitema diski huikubali, ingawa hakuna kilichobadilika isipokuwa utambulisho.

Chanzo cha nne ni DVD-RW na DVD+RW, ambazo kama ndugu yao CD-RW hurudisha mwanga hafifu. Deki nyingine hudhani ni diski ya tabaka mbili za data, zikatafuta tabaka la pili lisilokuwapo, na kuishia kuandika kwamba hakuna diski.

Nafasi haitoshi ingawa hesabu inakubali

DVD imeandikwa gigabaiti 4.7, faili ni la gigabaiti 4.5, na kompyuta inasema halienei. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa kipimo cha Windows diski hiyo ina takriban 4.38 tu. Hakuna aliyekuibia.

Lipo jambo lingine ambalo hata mafundi hulisahau. DVD-R ina baiti 4,707,319,808, na DVD+R ina baiti 4,700,372,992. Pengo ni kama megabaiti 7, dogo kiasi cha kudharauliwa, hadi siku utakapokuwa na taswira kamili, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima, ya DVD-R iliyojaa hadi ukingoni na ukajaribu kuihamishia kwenye DVD+R. Programu itakataa, na ukiilazimisha, diski itaharibikia mwishoni. Kwenye diski za tabaka mbili mambo hugeuka: DVD+R ndiyo kubwa zaidi, kwa takriban megabaiti 4.

Anayeamua kuachana na diski na kuhamia kwenye flashi hukutana na ukuta mwingine. Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mfumo unaosomwa na karibu deki na runinga zote zenye tundu la USB, haipokei faili linalozidi baiti 4,294,967,295. Taswira ya DVD iliyojaa huvuka kiwango hicho, hata kama flashi ina gigabaiti 32 zilizo tupu. Ukiiandaa upya flashi kwa exFAT au NTFS faili litaingia, lakini deki huenda isiione tena. Kwa DVD za video, ufumbuzi ni kunakili folda ya VIDEO_TS badala ya taswira nzima, kwa sababu mafaili ya VOB hukatwa tangu mwanzo yasizidi gigabaiti 1 kila moja.

VCD, yaani CD za video, ambazo filamu nyingi za Bongo ziliuzwa kwazo, zina kioja chao. Mteja hushangaa kukuta faili la DAT la megabaiti 790 kwenye CD ya megabaiti 700, kisha hushangaa zaidi linapokataa kuingia kwenye CD nyingine ya ukubwa uleule. Katika CD ya data kila kipande hubeba baiti 2,048, na nafasi nyingine ya kipande hicho hutumika kwa ulinzi wa ziada dhidi ya makosa. VCD huacha ulinzi huo na kubeba baiti 2,324. Ichome kwa kuchagua aina ya VCD kwenye programu, si kama data. Kwa kukosa ulinzi huo, VCD yenye mikwaruzo huendelea kucheza kwenye deki kwa kurukaruka picha kidogo, ilhali kompyuta inayojaribu kuinakili husimama na kutoa kosa.

Inacheza, kisha inakwama

Sasa mkwaruzo unaweza kuitwa kutoa ushahidi. Tazama kwanza inakwama wapi. Kwa kuwa data huanzia ndani kwenda nje, diski ya tabaka moja inayokwama kila mara karibu na mwisho wa filamu ina tatizo kwenye ukingo wa nje, mahali ambapo diski za bei rahisi huwa na rangi isiyosambaa sawasawa na ambapo kujikunja kidogo kwa jua huonekana zaidi. Filamu ndefu ya tabaka mbili huwa tofauti: tabaka la kwanza husomwa kutoka ndani kwenda nje, la pili kwa kawaida kutoka nje kurudi ndani, kwa hiyo ukingo huangukia katikati ya filamu. Kusita kwa nusu sekunde mahali hapo ni kawaida, ni leza inayohama tabaka. Kusimama kabisa ni ugonjwa.

Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hauogopeshi sana, kwa kuwa hukata kila mzunguko mahali padogo, na mfumo wa CD wa kurekebisha makosa unaweza kujaza pengo la hadi takriban milimita 2.5 za njia. Unaofuata mzunguko hula data mfululizo. Ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, na si kwa pindo la shati lenye vumbi.

Habari ya dawa ya meno ni ya kweli kwa kiasi. Ina unga laini unaosugua plastiki na kupunguza mkwaruzo mwepesi wa upande wa kusomea wa CD au DVD. Haifai kwa Blu-ray, ambayo data zake ziko milimita 0.1 tu chini ya uso, na haisaidii lolote upande wa lebo wa CD. Upande huo ndio dhaifu kuliko wanavyodhani watu: data za CD ziko chini kabisa ya lebo, zikilindwa na rangi nyembamba tu, na kalamu yenye ncha ngumu inaweza kuzing'oa. DVD imetengenezwa kwa vibati viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, na data ziko katikati. Inua CD kuelekea mwanga. Ukiona nukta za mwanga zikipenya, tabaka linalorudisha mwanga limekwisha kutoka, na hakuna dawa ya meno itakayolirudisha.

Diski yenye ufa kuanzia kwenye tundu isiingizwe popote. Kiendeshi cha CD cha kasi ya 52 huizungusha kwa takriban mizunguko 10,000 kwa dakika, na ufa huo unaweza kuipasua vipande ndani ya trei.

Diski ya ng'ambo inakataa, au picha haina rangi

DVD za filamu za dukani zimefungwa kwa kanda za kijiografia. Marekani na Kanada ziko kanda ya 1. Uingereza, Ulaya Magharibi, Oman na nchi nyingine za Ghuba kanda ya 2. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika kanda ya 5. Aliyeletewa diski kutoka London au Muscat atakutana na kizuizi hicho. Kompyuta hutoa nafasi ya kubadilisha kanda mara 5 tu, kisha kiendeshi hubaki kwenye ya mwisho daima, kwa hiyo usichezee mipangilio hiyo kwa majaribio. Picha nyeusi na nyeupe au inayopanda na kushuka ni habari nyingine: diski ni ya NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na runinga ya zamani ni ya mfumo mwingine, PAL. Tafuta mpangilio wa PAL kwenye menyu ya deki.

Windows 8 na zilizofuata hazikuja na uwezo wa kucheza filamu za DVD. Hapo hakuna kilichoharibika, weka programu ya bure ya VLC.

Blu-ray na ile iliyoshindwa

Kwa diski za kasha jekundu zilizoandikwa HD DVD sina habari njema. Toshiba na NEC waliuleta muundo huo sokoni mwaka 2006, ukiwa na gigabaiti 15 kwa tabaka dhidi ya 25 za Blu-ray. Mwezi Januari 2008 Warner Bros. ilitangaza kuuacha, na tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikajitoa. Leza yake ni ya nanomita 405 kama ya Blu-ray, lakini data zake ziko milimita 0.6 ndani, kwa hiyo kiendeshi cha kawaida cha Blu-ray hakiwezi kuzisoma. Angalia kama upande wa pili una DVD, kwani baadhi zilitengenezwa hivyo.

BD-R, yaani Blu-ray ya kuchoma, inayokataliwa na deki ya miaka ya mwanzo, nayo ikiwa na alama ya LTH, huwa imetengenezwa kwa rangi za kikaboni zinazofanya kazi kinyume na BD-R za awali. Kusasisha programu ya deki husaidia mara kwa mara. Kwa kuhifadhi, nunua isiyo na alama hiyo.

Kuokoa kilichobaki

Diski ikishathibitika kuwa ni mbovu kweli, acha kuicheza. Ifute, iache ipoe ikiwa imetoka kwenye kiendeshi chenye joto, kisha nakili taswira yake nzima kwa programu ya ddrescue kwenye Linux. Hiyo huruka sehemu zinazogoma, huchukua kwanza zilizo rahisi, na kuweka kumbukumbu ya zilizobaki ili uweze kuizima na kuendelea kesho pale ilipoishia. Kumbukumbu hiyo ndiyo yenye thamani: hamishia diski kwenye kiendeshi cha pili, kisha cha tatu, ukitumia faili lilelile la kumbukumbu, na kila kimoja kitajaza mapengo ambayo kingine kilishindwa. Viendeshi vya kompyuta za mezani vya zamani, vile vizito vyenye trei ndefu, nimeviona vikisoma diski ambazo vyembamba vya laptop vimezikataa mara kumi. Ninavyo vitatu chini ya meza yangu, na sina mpango wa kuviuza.